Kilo Hamsini na Mbili za Fundi Mizani

Mtu yeyote aliyewahi kukodi baiskeli pale chini ya mlima anamkumbuka Fundi Mizani, na wengi wanamkumbuka kwa hasira. Unaingia na kofia yako mpya kichwani, umeshaiona baiskeli unayoitaka, ile kubwa yenye shokapu nene kama mguu wa meza, na yeye, salamu yako hajaiitikia sawasawa, anakuonyesha kwa kidevu mizani iliyoko sakafuni. Panda. Na begi lako, na maji yako, na hilo tumbo unalolibana. Anaisoma namba kwa sauti ili duka zima lisikie, anaiandika ukutani kwa chaki, kisha anakuuliza unakwenda njia ipi. Ukishajibu anakupa baiskeli, na mara nyingi siyo ile uliyoikodolea macho.

Kwenye hilo tumpe haki yake, kwa sababu mbele huko hatutampa nyingi. Duka lilikuwa na njia mbili za kupeleka wageni. Moja iliitwa Mgongo. Hii ilipanda polepole na kufuata kilele cha milima midogo kwa nusu siku nzima, udongo mgumu, mizizi ya hapa na pale, kupanda kwingi kuliko kushuka. Ya pili ilikuwa Korongo, nayo haikuwa na maneno mengi: unapelekwa juu kwa gari, unaachwa, unashuka katikati ya mawe makubwa kama majiko, na kila baada ya hatua chache ardhi inakatika chini yako kama ngazi iliyojengwa na mlevi.

Kwa Mgongo, Fundi Mizani alitoa baiskeli ya shokapu fupi, inayozama upana wa kiganja tu. Ni nyepesi, na ukikanyaga pedeli nguvu yako inakwenda kwenye gurudumu, haimezwi njiani. Kwa Korongo alitoa ya shokapu ndefu, inayozama karibu shubiri nzima, nzito, kichwa chake kimelala mbele ili isikurushe pale njia inaposimama wima. Ukipanda mlima na baiskeli hiyo utadhani unasukuma kitanda. Lakini watu huchagua kwa macho. Mwanamume anakwenda Mgongo, atatambaa kule juu kwa saa nne akitweta, bado anataka baiskeli ya Korongo apigwe nayo picha. Fundi anamjibu hapana. Mgeni anakasirika, anamwita mwenye duka, mwenye duka anakuja na kusema msikilizeni fundi. Fundi anarudi kwenye benchi lake akiwa amenenepa kidogo kwa furaha.

Tena alikuwa na ushahidi. Kwenye mguu wa kila shokapu alifunga kijipete cha mpira alichokata kwenye tyubu kuukuu. Asubuhi alikisukuma chini kabisa. Shokapu ikizama, kijipete kinapandishwa, na ikirudi juu, chenyewe kinabaki palepale kilipofikishwa. Ukirejea jioni huna la kumdanganya: anachuchumaa, anaangalia kilipo, anajua umeendeshaje. Kikibakiza vidole viwili kabla ya mwisho, wewe ni mwendeshaji. Kikigonga mwisho, umetua kama mzigo, au ulichukua baiskeli isiyo ya njia yako.

Mambo hayo yote yalitegemea upepo uliojazwa ndani ya shokapu. Mtu mzito anahitaji upepo mwingi, mwepesi anahitaji kidogo, na kiasi chake Fundi alikitoa kwenye namba za ukutani. Pampu ya shokapu ilikaa ndani ya droo, droo ilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwake kwa uzi mweusi. Hakuna mwongozaji aliyeruhusiwa kujijazia upepo, hata yule aliyemzidi umri. Aliyejaribu alitukanwa mpaka akatamani angeiba kitu kingine.

Sasa, miongoni mwa waongozaji hao alikuwamo binti yake, mtoto wake wa pekee.

Alianza kazi pale akiwa na miaka kumi na saba, mwembamba kama ufito, mkimya, ana macho ya kuangalia mbali. Siku ya kwanza, kabla hajapewa begi la kazi, baba yake alimpandisha kwenye mizani mbele ya wenzake, akasoma hamsini na mbili, akaiandika namba hiyo juu kabisa ya ukuta, peke yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wa namba nyingine zote. Siku hiyo alikuwa na kiburi cha mzazi, na hakukificha. Akampa baiskeli ya shokapu fupi na kumwambia hiyo ni yako, hakuna atakayeigusa isipokuwa mimi na wewe. Miaka mitano walifanya kazi hivyo, na mama mtu nyumbani alizoea kuwasikia wakibishana kuhusu matairi hadi chakula kinapoa.

Halafu kile kijipete kikaanza kupanda. Mwanzo kilikaribia mwisho mara mojamoja. Kisha kila wiki. Kisha kila akirudi, hata kutoka Mgongo, kijipete kimebanwa huko mwisho kabisa. Binti alisema shokapu imekuwa laini. Baba akasema shokapu haijawa laini, mikono yako ndiyo imekuwa mizito, unaanza kuzembea. Akaifungua, akabadilisha mafuta na mipira ya ndani, akaijaza upepo kama siku zote. Kijipete kikagonga mwisho tena. Binti akamwambia aongeze upepo kidogo. Ni kama alimtukana. Mtu aliyejaza upepo kwa miaka ishirini anafundishwa na mtoto aliyemfuta kamasi?

Siku moja, miaka mitatu iliyopita, wageni wanane wakiwa wamesimama uani wakisubiri chai, binti alirudi kutoka Mgongo, na Fundi Mizani akachuchumaa kama kawaida yake. Alipoinuka alisema kwa sauti ileile anayosomea mizani:

"Huyu wangu anatua kama gunia la saruji. Mshukuruni Mungu kwamba leo hamkufuatana naye."

Wageni walicheka, maana walidhani ni utani wa baba na mwana. Binti hakucheka. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akavua glavu, akaondoka kwa miguu hadi nyumbani. Tangu siku hiyo hakumsemesha baba yake tena, na baba, ambaye kununa alikuwa bingwa wake, akaona ni vizuri, naye akafunga mdomo.

Walikula meza moja miaka mitatu bila kupeana hata salamu. Mama ndiye aliyekuwa simu yao. "Mama, mwambie anipitishie chumvi." "Mwambie chumvi iko mbele ya pua yake." Mama aliyapeleka maneno hayo kutoka upande mmoja wa meza kwenda upande wa pili, hatua moja, kwa sauti ya karani aliyechoka. Alikuwa amejaribu kuwapatanisha akashindwa, akajaribu kulia akashindwa, sasa alikuwa akifanya kazi tu. Kazini ilikuwa nafuu, kwa sababu kule hapakuwa na haja ya chumvi. Asubuhi Fundi alijaza upepo kwenye baiskeli ya binti yake kabla ya nyingine zote, akaisimamisha mlangoni, akageukia kwingine. Binti aliichukua bila kusema asante.

Ndipo Mzee Magoti akatangaza kwamba amechoka. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa Korongo tangu njia hiyo ifunguliwe, na jina alilipata kwa sababu magoti yake yalilia kama bawaba za mlango. Nafasi yake kila mwongozaji aliitaka. Kiongozi wa Korongo ndiye anayeamua leo watu washuke au wasishuke, ndiye anayetangulia, na wageni humfuata huyo bila kumuuliza swali. Binti wa Fundi alikuwa ameitaka tangu siku ya kwanza alipoangalia kule chini, na kila alipoomba, mwenye duka alimuuliza Fundi, naye Fundi alijibu hapana. Anayemaliza shokapu fupi kwenye Mgongo, alisema, ukimpa ndefu kwenye Korongo ataimaliza nayo, na akiimaliza kule hakuna pa kuangukia pazuri. Yeye alimpendekeza Kipara, mtu makini, ambaye kijipete chake hakijawahi kufika mwisho.

Mwenye duka, mama mmoja wa makamo asiyependa kelele, ambaye wote walimwita Bosi, aliamua kuwe na jaribio. Jumamosi asubuhi Kipara na binti wangeshuka Korongo, Mzee Magoti akiwafuata nyuma kuwaangalia. Wakirudi, Fundi angesoma vijipete. Baada ya hapo yeye Bosi angetoa uamuzi, na uamuzi ukitoka usirudi kujadiliwa.

Jumamosi ilipofika Fundi alikuwa ametoa baiskeli mbili za shokapu ndefu, moja ya Kipara, moja ya binti. Hata adui yake asingesema kwamba hakuziandaa vizuri. Binti alikuja na begi lake la kazi mgongoni, lenye dawa, vifaa, kamba na maji, akaizunguka ile ndefu mara moja, akaibonyeza kwa viganja viwili. Ikazama kama godoro. Akaiacha. Akaenda kuchukua ile yake fupi.

Kushuka Korongo na shokapu fupi ni kama kupika kwa mikono mitupu: inawezekana, ila utaungua. Fundi alisahau kwamba hasemi na mtu, akaanza kufoka kwamba hiyo ni ya Mgongo, kwamba huu si mchezo, kwamba kama mtu anataka kujiua basi asitumie kifaa alichokiandaa yeye. Binti alimpa kisogo na kuzungumza na Bosi.

"Bosi, mwambie fundi wako hivi. Ile ndefu alivyoijaza, nikiinamia jiwe la kwanza itazama yote na kunitupa mbele. Hii fupi pia inazama yote, lakini ninajua inaishia wapi. Nimeishi nayo."

Bosi alimtazama Mzee Magoti. Mzee Magoti akainua mabega, na wakaenda.

Saa mbili nzima Fundi Mizani hakufanya kazi yoyote ya maana. Alifuta mnyororo uleule mara tatu. Tusimsingizie: aliogopa. Alikuwa na hasira na mtoto wake kiasi cha kutaka kumtikisa, na wakati huohuo masikio yake yalikuwa nje, yakisikiliza kama gari linarudi kwa kasi isiyo ya kawaida. Gari lililowasubiri chini ya Korongo lilirudi kwa mwendo wa kila siku. Binti akashuka mzima, vumbi hadi kwenye kope.

Mzee Magoti alitoa taarifa yake kwa kifupi. Kipara alishuka vizuri, aliweka mguu chini mara tatu. Binti hakuuweka hata mara moja. Mzee alisema hajaona mtu akiteremka pale namna ile, kwamba anafanya kwa mikono na miguu kile ambacho wengine huiachia shokapu.

Fundi akazisogelea baiskeli. Alichuchumaa. Kijipete cha Kipara kilibakiza vidole viwili na nusu. Akasogea kwenye ile fupi, akainamisha kichwa, na hapa ndipo alipokosa haya. Akatabasamu.

"Kimegonga mwisho," alisema. "Ameshuka, sawa, leo. Kesho ana wageni sita nyuma yake. Bosi, mimi ninasema hapana, na nimesema hapana kwa mwanangu mwenyewe, kwa hiyo msidhani nina upendeleo."

Bosi alikuwa tayari ameanza kumgeukia Kipara. Binti hakubishana. Alikwenda ndani, akaiburuta mizani kutoka sakafuni hadi uani, mahali penye jua, akapanda juu yake na begi lake mgongoni.

"Soma, Baba," alisema. "Kwa sauti, kama unavyowasomea wengine."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kumwita Baba ana kwa ana, na Fundi aliinama kusoma kabla hajajua anachokifanya. Midomo yake ilikuwa imezoea. Sabini na nne, alisoma. Kisha akasoma tena, polepole, kama mtu aliyekabidhiwa barua isiyo yake. Binti akavua begi, akaliweka chini.

"Na sasa."

Sitini na sita.

Wote waligeuka kutazama ukuta kupitia mlango uliokuwa wazi. Kule juu, peke yake, kwa mwandiko mzuri, ilikuwapo hamsini na mbili. Chaki yake ilikuwa mbichi. Waongozaji wengine wote Fundi aliwapima upya kila mwaka, kila mmoja na begi lake, namba za zamani akazifuta. Ile ya binti yake hakuifuta. Kila mwaka aliipitishia chaki juu kwa juu ili isififie, na hakumpandisha tena kwenye mizani, kwa sababu mtu hampimi mwanawe kama mzigo kila mwaka. Wa kwake alimjua.

Miaka minane alikuwa amejaza upepo wa msichana wa kilo hamsini na mbili asiyebeba kitu, akampa mwanamke wa sabini na nne, kisha akachuchumaa na kumhukumu.

Mzee Magoti ndiye aliyelitamka. "Kwa hiyo miaka yote hii huyu ameendesha shokapu tupu," alisema, na magoti yake yakalia alipokaa kwenye ngazi. Kipara aliangalia viatu vyake. Baadaye alisema mwenyewe kwamba hiyo nafasi asingeichukua hata kwa kubembelezwa.

Fundi alikuwa bado ameinama. "Umejua lini?"

"Wiki mbili. Nilikwenda kliniki kwa ajili ya jino, muuguzi akanipima."

"Wiki mbili. Na hukuniambia."

"Wewe ulisema mbele za watu," binti alimjibu. "Na mimi nimesubiri watu."

Hakuna kijembe alichowahi kupigwa Fundi Mizani kikaingia kama hicho, na yeye alistahili. Mtu mwingine angeomba radhi palepale. Yeye alisimama, akafungua mdomo, kikatoka kitu kuhusu muuguzi, kwamba mizani za kliniki huwa hazirekebishwi. Hata yeye aliusikia upuuzi wake.

Bosi hakupandisha sauti. Alisema kiongozi wa Korongo ameshapatikana. Alisema kuanzia leo kila mtu anapimwa kila mwezi, akiwamo mwenye mizani. Halafu akanyoosha mkono, kiganja juu, mbele ya Fundi, na Fundi alichukua muda kuelewa anaombwa nini. Aliuvua ule uzi mweusi shingoni. Ulikuwa umemwachia alama, mstari mwembamba mweupe kwenye ngozi, na shingo yake ikaonekana imezeeka. Bosi akampa binti ufunguo.

Jumanne binti alipeleka wageni wake wa kwanza Korongo, na hakuchukua fupi. Alichukua ile ndefu, kwa sababu kichwa kizuri anacho, na alijua tangu zamani ipi ni ya wapi. Alichokuwa akikosa ni upepo. Aliijaza mwenyewe kwenye benchi la baba yake. Alipampu taratibu, akasoma, akabonyeza, akapunguza kidogo, akasoma tena. Fundi alikuwa umbali wa mkono mmoja, ameshika gurudumu lisilo na tatizo. Aliona kwamba anapampu kama yeye: kidole gumba juu ya vali, kichwa kimeinama kushoto. Alitaka kumwambia asizidishe. Hakukuwa na haja, hakuzidisha.

Binti aliporudi mchana aliegemeza baiskeli ukutani na kwenda kuwaaga wageni, waliokuwa wakizungumza wote kwa pamoja. Fundi akachuchumaa. Vidole viwili kamili. Alivipima kwa vidole vyake mwenyewe, akaviacha pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akainuka, akaenda ukutani na kitambaa, akafuta hamsini na mbili, na mahali pake, kwa mwandiko uleule mzuri, akaandika sabini na nne.

Binti aliingia kuchukua chupa yake ya maji, akaiona. Alichukua kitambaa mkononi mwa baba yake, akaifuta ile namba mpaka ukuta ukabaki na wingu jeupe, akamrudishia kitambaa, akatoka.

Jumapili iliyofuata, mchana, walikuwa mezani, watatu, chakula kikiwa bado moto. Fundi hakuwa amegusa sahani yake. Aliwahi kusema hapana kwa matajiri, kwa wanajeshi, kwa bwana harusi na ndugu zake kumi na wawili, na hakuna siku ulimi ulimgandia. Sasa alikuwa na neno moja na alikuwa akilitafuna tangu ile Jumamosi ya jaribio. Mama aliona, akaweka mwiko chini. Binti aliona pia, akaendelea kula.

"Nilikosea," alisema Fundi Mizani. Hakumtazama mkewe aliposema. Alimtazama binti, moja kwa moja, kuvuka meza. "Nilikukosea, mwanangu. Sikukupima."

Binti alimaliza kutafuna. Alikunywa maji, akafuta mdomo. Halafu akamgeukia mama yake.

"Mama," alisema, "mwambie nimesikia."

Mama alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Miaka mitatu alikuwa amepeleka chumvi, mboga, bili ya maji na habari za misiba. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa amekaa hatua moja kutoka kwake na masikio yake mawili mazima.

"Anasema amesikia," alisema, kisha akampakulia mchuzi.